RIDHAA SI GANZI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu Waislamu, kuna neno moja ambalo hapa kwetu Mkuyuni, kama huko pwani mliko, halikosekani matangani. Maiti hajaoshwa, watu wameshalitoa barazani: "Ni kudra ya Mwenyezi Mungu." Waliopo huitikia, mazungumzo hufungwa, na kahawa huzungushwa. Neno lenyewe ni la haki. Asiyeamini kudra, kheri yake na shari yake, imani yake haijatimia. Lakini neno la haki huweza kutumiwa kwa batili, na makala haya yamekusudiwa wale wanaolitumia hivyo, awe mwenye chombo, awe baba wa nyumba, awe sheikh mwenzangu juu ya mimbari.

Wao husema hivi: anayetaka moyo wake utulie na akubali kila kitu, wala asiulize. Nami nasema: huo si utulivu, ni ganzi. Mguu uliokufa ganzi hauumwi, lakini ukikanyaga kaa la moto huungua na mwenyewe hana habari. Je, mtu mwenye akili ataomba dua apewe mguu wa namna hiyo? La hasha!

Tulitazame ziwa hili ambalo sisi tunaamka nalo kila siku. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ilipinduka na kuzama ilipokuwa imeshaikaribia safari kuimaliza. Meli hiyo ilikuwa ya abiria 430. Waliokufa, kwa hesabu iliyotangazwa, ni 894. Wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma, na wengine hawakupata kaburi isipokuwa ziwa lenyewe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugorora kwenda kisiwa cha Ukara, kilipinduka gati ikiwa inaonekana kwa macho. Kilijengwa kubeba watu 101, na waliokufa ni 228. Nanyi wa pwani hamkusahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache tu baada ya Idd, MV Spice Islander ilipozama kwenye mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na roho zaidi ya elfu moja zikapotea.

Zingatieni hesabu hizo, ndugu zangu. Katika MV Bukoba na MV Nyerere, maiti peke yao ni zaidi ya mara mbili ya watu waliotakiwa kupanda! Sasa, Mwenyezi Mungu alimkataza nani kuhesabu? Kudra ilimziba nani mdomo asiseme, "Chombo kimejaa, sisi tutangoja"? Kuandikiwa ajali ni siri ya Mola, hatuijui mpaka itokee. Kuhesabu vichwa ni kazi ya mja, na hiyo tunaijua tangu asubuhi. Mtu anayeiacha ile anayoijua kwa kisingizio cha ile asiyoijua, huyo hakutawakali. Amezembea, kisha uzembe wake akauvika kanzu na kilemba.

Asili ya maradhi haya ni kukosa hudhuri ya moyo. Watoto madrasani tunawafundisha kwamba sala yataka moyo uwepo. Mtu amesimama kwenye safu, mkono juu ya mkono, na moyo wake uko mwaloni unapanga bei ya dagaa. Akitoa salamu hajui alisali rakaa ngapi. Basi msidhani kwamba moyo uliozoea kughibu mbele ya Mola wake utahudhuria penginepo. Mtu huyo huyo hupanda chombo bila kuangalia, hupima sukari bila kuangalia, humtazama mwanawe mwenye homa bila kumwona. Mkuyuni yetu ina nyumba nyingi zilizojengwa kati ya majabali. Masika yanakuja kila mwaka, na mfereji uliojaa taka unaonekana na kila apitaye. Maji yakishaingia ndani na kuchukua godoro, ndipo tunapokumbuka kudra.

Hudhuri ndiyo nusu ya kwanza ya utulivu. Ni kuwa pale ulipo, ukaliona lililo mbele yako na ukatimiza haki yake. Mama ambaye mwanawe huenda ziwani usiku kuvua, na amuulize kabla hajatoka: "Mwanangu, jaketi okozi lako liko wapi?" Swali hilo ni ibada, na kijana asiambiwe kwamba ni woga wa wanawake.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema: "Sheikh, ukianza kuwaza ajali na mafuriko, raha utaipata wapi? Kujihadhari sana ni kukosa imani." Hoja hii imeenea, na inapendeza kwa sababu haimgharimu mtu chochote. Jawabu lake limo katika kisa cha Nabii Yaaqub (a.s.). Wanawe walipokuwa wanakwenda Misri, aliwaagiza wasiingie wote kwa mlango mmoja, bali waingie kwa milango mbalimbali. Na papo hapo akawaambia kwamba yeye hawezi kuwaondolea lolote aliloliamua Mwenyezi Mungu, na kwamba Kwake Yeye ndiko anakotegemea. Tazameni: tahadhari na tawakkul zimetoka katika kinywa kimoja, kwa pumzi moja, na anayesema ni Mtume! Je, tuseme Yaaqub alikosa imani?

Tena Sayyidna Umar (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari za tauni, alishauriana na watu kisha akageuka kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu. Umar akamfahamisha kwamba anatoka katika kudra moja na kuingia katika kudra nyingine. Abu Ubayda mwenyewe alibaki na watu wake katika ile nchi yenye tauni, akafa humo hali ameridhika. Hapana aliyepotoka kati yao. Umar alikuwa bado nje, na wajibu wake ulikuwa kutoingia. Abu Ubayda alikuwa ndani, na wajibu wake ulikuwa kusubiri. Tena ni nani kati yetu asiyeijua hadithi ya yule aliyeamrishwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo atawakali?

Basi hapa inakuja nusu ya pili, nayo ni ridhaa. Ridhaa mahali pake ni pale mkono wa mja unapokoma. Umefunga ngamia, na kamba imekatika. Umempeleka mtoto hospitali kwa wakati, dawa amekunywa, na ajali yake imefika. Huyo ndiye wa kuambiwa, "Ni kudra," kwa sauti ya upole na mkono begani. Wala asiachwe ajitese kwa "lau ningalifanya hivi" na "lau ningalifanya vile," kwani Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba hilo humfungulia Shetani mlango. Maji yakimwagika hayazoleki. Na akilia, mwacheni alie. Yaaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakaingia weupe, na jina lake halikufutwa katika orodha ya wenye kusubiri. Anayemkemea mjane kwa chozi lake hamfundishi ridhaa, anamfundisha ganzi.

Neno la kudra ni dawa ya aliyefiwa, si kichaka cha kujifichia aliyezembea. Tukimpa mzembe dawa hiyo, tunamwonea aliyefiwa mara mbili: kwanza amepoteza mtu wake, kisha anatakiwa anyamaze ili mwingine alale usingizi.

Masheikh wenzangu, sisi tuna sehemu yetu. Zikikaribia siku za Idd, watu wanapojazana kwenda Pemba, Ukerewe na kwingineko, khutba zetu na ziseme wazi kwamba kupanda chombo kilichojaa ni kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu, na kwamba nauli ya roho ya mtu ni haramu. Tusingoje kuja kuwafariji watu tulioweza kuwaonya.

Na kila mmoja nyumbani kwake, baada ya sala ya Isha, akae kidogo bila redio wala simu, amtaje Mola wake, kisha aihoji nafsi yake mambo mawili. Lililokuwa mkononi mwangu leo, je, nimelitenda? Na lisilokuwa mkononi mwangu, je, nimemwachia Mwenyewe? Akiweza kujibu yote mawili, atalala. Akiruka la kwanza na kukimbilia la pili, anaweza kulala vilevile, lakini jirani zake ndio watakaokesha.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa maji katika ziwa letu na bahari yenu, awape subira waliobaki, na azihudhurishe nyoyo zetu kabla ya msiba na wakati wa msiba. Amin.

Wabillahi tawfiq.