Mpaka wa Mikoko Kwanza, Kibali cha Nyumba Baadaye

Ndugu Waislamu, katika miji ya pwani yetu, na Dar es Salaam kupita yote, hakuna ununuzi unaomeza akiba ya familia kwa siku moja kama ununuzi wa kiwanja. Shamba la urithi huuzwa, dhahabu ya mama hutolewa, kiinua mgongo cha baba huongezwa juu yake. Kisha huandikwa hati ya mauziano, mashahidi hutia saini, serikali ya mtaa hugonga muhuri na kuchukua asilimia yake, na mzee hurudi nyumbani akimshukuru Allah (S.W.) kwamba wanawe wamepata pa kuishi. Hakuna hata karatasi moja kati ya hizo inayomweleza mpaka wa mikoko umepita wapi, wala mto uko umbali gani.

Nalo ndilo swali linalotangulia yote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inavitaja vinamasi vya mikoko, ardhi oevu, na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe, miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita hizo hizo 60. Mikoko ya Tanzania Bara nayo ni hifadhi ya msitu ya serikali. Mwenye nia ya kujenga nyumba nyingi kwa pamoja hutakiwa afanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na apate cheti kabla jembe halijagusa udongo, ndipo aende halmashauri kutafuta kibali cha ujenzi.

Mambo huharibika pale utaratibu huu unapopinduliwa miguu juu. Michu na mikandaa hukatwa usiku, kifusi humwagwa mahali maji yalipokuwa yakipumulia, ukuta huinuliwa, bango la nyumba za kisasa husimamishwa na nusu ya viwanja huuzwa, ndipo mtaalamu huitwa aje kutathmini. Mtaalamu huyo hakuitwa kuulizwa kama pajengwe. Ameitwa kubariki. Na samaki na kamba waliokuwa wakikulia katika mizizi ile hawana wa kuwasemea kikaoni, ingawa mvuvi aliyewategemea yupo, na mara nyingi naye hakualikwa.

Wapo watakaosema kuwa habari za mipaka ya hifadhi ni mambo ya wafadhili wa kigeni. Hawajasoma fiqhi. Mtume (S.A.W.) alitenga eneo la Naqii kuwa hima kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na akaifanya Madina kuwa haramu ambayo miti yake haikatwi. Wanazuoni waliweka harimu kuzunguka kisima na mto, yaani ukanda asioruhusiwa mtu kuumiliki. Walitofautiana katika upana wake, si katika asili yake. Hata katika hadithi mashuhuri ya Nuuman bin Bashir (R.A.) kuhusu halali na haramu, Mtume (S.A.W.) alipotaka kueleza hatari ya kuyaendea mambo yenye shaka, alitoa mfano wa mchungaji anayelisha kando ya hima, akikaribia kuingia ndani yake.

Sayyidna Umar (R.A.) alipomkabidhi Hunayy ulinzi wa hima, alimwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hao wawili walikuwa masahaba watukufu, lakini walikuwa na mitende na mashamba ya kurejea, na maskini hana. Ofisa wa leo anayeidhinisha mipaka na ajipime kwa agizo hilo. Je, anayefunguliwa lango ni nani?

Tumekwishaona gharama yake. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu Dar es Salaam, na baadhi ya waliokosa makazi wakahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 matingatinga yaliingia bonde la Msimbazi, na watoto wakakaa juu ya magodoro wakitazama kuta zikianguka. Hatusemi kuwa serikali haikuwa na haki ya kulinda bonde. Tunauliza ni wangapi waliogonga mihuri miaka iliyotangulia walioitwa kujibu.

Muuzaji naye ajue kwamba kuficha kasoro ya bidhaa ni dhuluma, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kuirudisha. Anayeuza ardhi ya hifadhi ameuza asichomiliki. Wala nia njema haitoshi hapa: kiwanja cha msikiti au madrasa kina sharti hilo hilo. Mtume (S.A.W.) alipotaka kujenga msikiti wake Madina, ardhi ilikuwa ya mayatima wawili, na hakukubali kuichukua bila kulipa thamani yake.

Kwa hiyo, mzee unayekusudia kununua, nenda ukakione kiwanja wakati wa masika, na urudi tena siku ya bamvua maji yajaapo. Ichukue ramani ya upimaji uipeleke kwa mpima wa halmashauri, akuoneshe mawe ya mipaka kwa macho yako. Kama kuna mikoko karibu, waulize Wakala wa Huduma za Misitu mstari wa hifadhi unapita wapi, na uombe jibu la maandishi. Ikiwa ni mradi wa nyumba nyingi, taka kuona cheti cha mazingira na usome tarehe yake: kimetangulia kifusi au kimekifuata? Haya yote yafanyike kabla ya arabuni, na mama watoto awepo, kwani dhahabu ni yake.