Lugha katika Tathmini ya Majukwaa ya Kujifunzia Mtandaoni

Hojaji ya maswali 10 aliyoibuni John Brooke mwaka 1986 hutumiwa sana kupima wepesi wa kutumia mifumo ya kompyuta, yakiwamo majukwaa ya kujifunzia. Mwaka 2006 Kraig Finstad alibainisha kwamba wajibuji ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza walikwazwa na neno moja la swali la 8, ‘cumbersome’. Ikiwa kipimo chenyewe kina kikwazo, matokeo yake yataaminiwa vipi Namanyere, ambako mwanafunzi aghalabu huanza na Kifipa nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ndipo akakabiliwa na Kiingereza sekondari? Alama ndogo atakayoitoa yaweza kuwa hukumu juu ya lugha, wala si juu ya jukwaa.

Tafsiri pekee haitoshi. ‘Nywila’ ni istilahi nzuri, lakini vinywani mwa wengi bado ni ‘paswedi’ (na hapa wasanifu istilahi hawakosi lawama). Hojaji ya Kiswahili haina budi kujaribiwa kwanza kwa wanafunzi wa Nkasi wenyewe, si kwa wahadhiri wa Dar es Salaam.