Neno la Mhariri: Kanisa la Mwambao na Swali la Paa

Historia za parokia za pwani ya kaskazini ya Tanzania, hasa zile zinazochapwa katika vijitabu vya jubilei, kwa kawaida hufuata mpangilio mmoja: tarehe ya kufika kwa wamisionari, majina ya mapadre kwa kufuatana, idadi ya waliobatizwa, na mwishoni picha ya kanisa isiyoelezwa lolote zaidi ya mwaka lilipobarikiwa. Toleo hili linashikilia kwamba jengo lenyewe ni hati, tena hati isiyopendelea viongozi, na kwamba anayelisoma kuanzia kwenye paa atakutana na mafundi, vibarua na wakataji wa boriti ambao orodha ya mapadre haina nafasi ya kuwataja.

Kwa msomaji wa Kigombe, kijiji cha wavuvi kilicho kati ya Tanga na Pangani, mawe yanayohusika hayako mbali. Katika njia ya kwenda Tanga yapo magofu ya Tongoni, mji wa kale wa Mtang'ata, yenye msikiti na makaburi zaidi ya arobaini, baadhi yakiwa na nguzo ndefu, ambayo kwa jumla huhesabiwa kuwa ya karne ya 14 na ya 15. Ni katika miamba ya eneo hilo ambako Vasco da Gama, akirudi kutoka India mwaka 1499, aliichoma merikebu yake São Rafael kwa kukosa mabaharia wa kutosha, na kwa hiyo jina la malaika mkuu Rafaeli lilifika katika maji haya zaidi ya karne tatu na nusu kabla ya kanisa lolote kujengwa Bagamoyo.

Ujenzi wa Tongoni, kama ule wa miji mingine ya mwambao, ulitegemea vitu vitatu: mawe ya matumbawe, yaani mabaki ya viumbe wa baharini yaliyogeuka kuwa mwamba, chokaa, iliyopatikana kwa kuyachoma mawe hayo juu ya tanuri la magogo, na boriti za mikoko, zilizolazwa juu ya kuta ili kubeba dari nzito ya mawe na chokaa. Boriti ndiyo iliyoamua umbo la nyumba. Mti wa mkoko hauwezi kubeba mzigo wa namna hiyo kwa upana unaozidi sana mita tatu, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba na virefu, na misikiti iliyotaka ukumbi mpana ililazimika kupanga safu za nguzo ndani yake. Msikitini nguzo si kikwazo kikubwa, kwa kuwa waumini husimama safu kwa safu wakielekea kibla. Lakini ibada ya Kikatoliki huwataka watu wote waione altare, na kwa hiyo fundi wa mwambao alipoombwa kujenga kanisa alipewa tatizo ambalo boriti zake hazikuweza kulitatua.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wameanza kazi Unguja tangu miaka ya 1860, walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Antoine Horner, na hapo waliwakusanya watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, ambao nguvu zao ndizo zilizolima mashamba na kuyainua majengo. Kimbunga cha Aprili 1872, kile kile kilichoangusha mikarafuu na minazi ya Unguja, kiliyapiga pia majengo ya misheni hiyo. Kanisa la kwanza la mawe huhesabiwa kuwa la mwaka huo huo, na leo kinachoonekana ni mnara wake, ambao watu huuita kwa jina la mpelelezi Livingstone kwa sababu mwili wake, uliobebwa na watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kutoka Chitambo, ulilazwa hapo Februari 24, 1874. Sifa hiyo imeufunika mnara wenyewe. Mnara mwembamba wa pembe nne ni jengo ambalo fundi wa matumbawe aliliweza bila msaada wa mtu, kwa kuwa ndani yake hakuna upana wa kuezeka, na haishangazi kwamba ndio uliodumu.

Unguja, Askofu Edward Steere wa Kanisa la Anglikana alilijibu swali hilo hilo kwa ujasiri zaidi: paa la kanisa lake la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 katika uwanja wa soko la watumwa, ni kuba refu lililomiminwa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa. Wengi hawakumwiga. Njia iliyoshinda pwani ilikuwa kenchi, yaani fremu ya mbao za pembetatu inayobeba paa bila nguzo za katikati, ikiezekwa kwa mabati yaliyoletwa na meli. Misheni ya Bagamoyo nayo ilijenga kanisa kubwa jipya kati ya mwaka 1910 na 1914.

Upande wa Tanga na Pangani, kenchi na mabati vilikwenda pamoja na mkonge. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf alileta miche yake mwaka 1893, ikabaki hai 62 tu, na kutokana nayo mashamba yalienea kuanzia Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba hayo yakawavuta vibarua wa mkataba, walioitwa manamba, kutoka bara, na miongoni mwao walikuwamo Wakatoliki waliohitaji mahali pa kusali karibu na kambi. Hivyo kanisa la kijiji katika pwani hii mara nyingi ni kigango, yaani kituo cha sala kilicho chini ya parokia, na uduni wake wa tofali na mabati ni ushahidi wa historia ya kazi kuliko wa umaskini wa imani. Wamisionari wa Shirika la Rosmini, waliofika Tanga mwaka 1945, walikuta hali hiyo, na Jimbo la Tanga lilipoundwa rasmi mwaka 1958 liliirithi.

Makala zinazofuata zinawataka waandishi wa vijitabu vya jubilei waongeze sura moja: mawe yalichimbwa wapi, chokaa ilichomwa na nani, mbao zilitoka msitu gani. Jambo hili lina uharaka wake, kwa sababu kuta za chokaa sasa zinapigwa lipu ya saruji kwa nia njema ya kuzitengeneza. Saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi hupanda, na tumbawe huanza kumong'onyoka nyuma ya lipu inayoonekana mpya.