Mtoto amelazwa kwa mafua makali: zile alama kwenye faili zina maana gani?

Mtoto anapolazwa kwa mafua makali au kifua, swali la kwanza la mama huwa ni moja: "Nesi, atapona?" Baadhi ya akina mama humwona muuguzi akiandika nambari kwenye faili wakadhani ni hukumu. Si hukumu. Ni alama za ukali wa ugonjwa, na wewe mama una sehemu kubwa katika kuzijaza.

Alama hizi ni nini?

Kila dalili ya hatari hupewa pointi, kisha pointi hujumlishwa. Zikiwa nyingi, mtoto yuko katika hatari kubwa zaidi. Zinatumika hata pale ambapo hakuna kipimo cha kujua kama ni virusi vya mafua au ni nimonia, kwa sababu zinaangalia hali ya mtoto, si jina la ugonjwa.

Siaya wametufundisha nini?

Nchini Kenya, watafiti waliangalia watoto 3,581 wa chini ya miaka 5 waliolazwa Hospitali ya Wilaya ya Siaya kwa maradhi ya njia ya hewa, kati ya 2009 na 2012. Watoto 218 walifariki, yaani kama 6 katika kila 100. Mambo yaliyohusiana zaidi na kifo ni haya:

- uzito mdogo kuliko umri wake
- mlezi kueleza kuwa mtoto alipoteza fahamu
- kushindwa kunywa au kunyonya
- kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi
- kukutwa hana fahamu kamili anapopimwa (hili lilikuwa zito kuliko yote)

Tazama vizuri orodha hiyo. Kupoteza fahamu nyumbani na kukataa ziwa ni mambo unayoyajua wewe kabla ya daktari. Uzito uko kwenye kadi ya kliniki. Ukinyamaza, au ukisahau kadi, mtoto mwenye hatari kubwa anaweza kuonekana ana hatari ndogo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu Micheweni?

Alama humsaidia mhudumu kuamua nani aonwe kwanza, nani apewe oksijeni, na nani apelekwe hospitali kubwa kama Abdalla Mzee. Hiyo iko Mkoani, upande wa pili wa kisiwa. Uamuzi wa safari hiyo ukichelewa, saa zinazopotea hazirudi.

Lakini alama huzungumzia kundi la watoto, hazijui mwanao mmoja ataishiaje. Wapo wenye alama nyingi wanaopona. Na mwenye alama chache asubuhi anaweza kuzidiwa jioni. Ndiyo maana hupimwa tena na tena. Ukiona amebadilika, mwite muuguzi wa zamu, hata kama ametoka kumpima sasa hivi.

Ufanye nini?

*Nyumbani:* mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Ni za haraka mno zikifika:

- 60 au zaidi, chini ya miezi 2
- 50 au zaidi, miezi 2 hadi 11
- 40 au zaidi, mwaka 1 hadi 5

Pumzi za haraka, kifua kubonyea, kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, au usingizi usioamshika: nenda kituo cha afya sasa hivi, hata kama ni usiku.

*Kabla hajaumwa:* mpime uzito kila mwezi. Kubaliana na baba yake mapema juu ya ruhusa na nauli, ili usilazimike kumsubiri arudi kutoka dago. Mhudumu wa Jamii ni Afya wa shehia yako anaweza kukaa nanyi mkapanga.

*Hospitalini:* nenda na kadi. Eleza ameanza lini, mara ya mwisho amenyonya saa ngapi, na kama alizimia. Ukiulizwa "mtoto hajambo?", usijibu "hajambo" kwa adabu tu. Sema lile uliloliona, maana jibu lako ni sehemu ya kipimo.