Uvira: Filta ya hewa ya kuosha, je, inaweza kushinda vumbi la bonde la Ruzizi?

Kuanzia Juni hadi Septemba, gari linalotoka Uvira kwenda Kamanyola hujulikana kabla halijaonekana. Wingu la vumbi huinuka juu ya mashamba ya Kiliba, Sange na Luvungi, na gari linalofuata nyuma halioni mbele. Barabara ya kitaifa namba 5 ina lami vipande vipande tu. Upande wa kusini, kutoka Makobola kupitia Swima na Mboko hadi Baraka, kiangazi ni hicho hicho, ila mvua zikianza vumbi linageuka tope na mito inapita juu ya barabara.

Katika hali hiyo, wenye Land Cruiser, Hilux na malori wanajiuliza swali ambalo limepata uzito zaidi tangu vita vizidi: kuna haja gani ya kununua filta ya hewa ya karatasi kila mara, wakati ipo ya pamba yenye mafuta ambayo unaiosha na kuirudisha? Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya karatasi, lakini wauzaji wanasema inadumu miaka.

Swali hili si la pesa peke yake. Tangu Bukavu iingie mikononi mwa M23 Februari 2025, vipuri vilivyokuwa vikishuka kwa njia ya Ngomo vimekuwa vigumu kupatikana. Mapigano yalipofika Uvira yenyewe Desemba 2025, njia ya Bujumbura nayo ikakatika kwa muda. Inabaki ziwa, yaani mizigo ya Dar es Salaam inayofika Kigoma na kuvushwa hadi bandari ya Kalundu, na safari hiyo ina foleni zake. Gari la wagonjwa likikosa filta katika mazingira hayo linabaki limesimama, au linaendelea kutembea likila vumbi.

Na vumbi hilo si uchafu wa kawaida. Sehemu kubwa ya vumbi la barabara ni chembe za mchanga wa kwatzi, ambao ni mgumu kuliko chuma cha ringi za pistoni na kuta za silinda. Chembe kubwa hunaswa kirahisi. Zinazoua injini ni zile ndogo, za mikroni 5 hadi 20, zinazotosha kuingia kati ya pistoni na ukuta wa silinda na kusaga kama msasa. Dalili huja polepole: gari linaanza kula mafuta ya injini, moshi unatoka kwenye kifuniko cha kujazia mafuta, asubuhi haliwaki bila kusukumwa. Hapo mwenye gari hulaumu mazutu mabaya. Mara nyingi kosa lilianzia kwenye filta miezi mingi kabla.

Sasa tuangalie kipimo. Filta za hewa hupimwa maabara kwa kanuni ya ISO 5011: vumbi la uzito unaojulikana linapulizwa, kisha linapimwa lile lililopenya. Jaribio moja linalotajwa sana, lililofanywa Marekani kwa filta za injini ya dizeli ya Duramax, lilionyesha filta ya karatasi ya AC Delco ikizuia asilimia 99.93 ya vumbi, na ya pamba ya K&N asilimia 96.80. Ni jaribio la aina moja ya gari, halitoi hukumu kwa filta zote duniani. Lakini haliko mbali na kauli ya K&N yenyewe, ambayo imekuwa ikitaja kiwango cha kati ya asilimia 96 na 99 kwa bidhaa zake.

Msomaji anaweza kusema 96 na 99 ni karibu sawa. Si sawa hata kidogo, kwa sababu kinachoumiza injini ni kile kilichopita, na siyo kile kilichozuiwa. Chukua Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, ile ile ya mashirika ya misaada. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika inavuta hewa mita za ujazo 250 au zaidi kila saa. Tuseme iko nyuma ya msafara na kila mita ya ujazo ina nusu gramu ya vumbi: ni gramu 125 kwa saa zinazofika kwenye filta. Ya karatasi itapitisha chini ya gramu 0.1. Ya pamba itapitisha gramu 4. Kwa safari ya saa nne hiyo ni gramu 16, kama vijiko vitatu vya chai vya mchanga laini ndani ya silinda.

Pamba yenye mafuta ilipata sifa yake kwenye mashindano, ambako injini hufunguliwa na kutengenezwa upya mara kwa mara na dereva anatafuta nguvu zaidi kwa saa chache. Gari la Baraka linatakiwa litembee miaka kumi. Tena nguvu hiyo ya ziada, kwa dizeli ya kawaida inayopanda mlima na mzigo, dereva haioni.

Hata hivyo, hesabu ya maabara inalinganisha karatasi halisi na pamba halisi, na hapa kwetu ulinganisho huo si wa haki. Sokoni kuna karatasi za bandia zenye mikunjo michache, gundi inayoachia kwenye joto, na mpira mgumu usioziba vizuri. Kuna pia karatasi halisi ambayo imepigwa kwenye tairi mara tano, ikapulizwa na kompresa kwa presha yote hadi ikatoboka, au ikaoshwa kwa sabuni kama shati. Filta ya namna hiyo ni mbaya kuliko pamba yoyote iliyotunzwa. Anayechagua kati ya hizo mbili, achague pamba bila aibu.

Lakini atunze. Pamba haioshwi kwa esansi wala kukaushwa kwa kompresa. Huoshwa kwa dawa yake, hukaushwa kivulini kwa saa nyingi, kisha hupakwa mafuta yake kwa kiasi. Mafuta yakipungua, vumbi linapita. Yakizidi, kwenye Hilux za kisasa yanaweza kuchafua kihisio cha kupima hewa. Maana yake unahitaji filta mbili ili gari lisilale, na chupa za mafuta hayo ambazo nazo zinapita Kalundu kama kila kitu. Ule uhuru wa kutotegemea soko haupo kamili.

Wenye pikipiki za filta ya sponji wana nafuu. Sponji nene iliyolowa mafuta vizuri inanasa vumbi kwa kina na inaoshwa kirahisi. Tatizo ni wanaoiosha na kuirudisha kavu. Sponji kavu haizuii vumbi laini.

Kwa magari, njia inayoonekana bora kwa bonde hili ni kupunguza vumbi kabla halijafika kwenye filta. Kifaa cha kuzungusha hewa kinatupa chembe nzito pembeni, na bomba refu linalovuta hewa usawa wa paa linakwepa sehemu ya vumbi la magurudumu, na maji ya mito wakati wa mvua. Vyote havihitaji kubadilishwa. Nyuma yake weka karatasi halisi, na usiifungue kila jioni: karatasi yenye vumbi kiasi huchuja vizuri kuliko mpya, na kila kufungua ni nafasi ya uchafu kuingia. Kuacha umbali na gari la mbele nako ni bure kabisa, ingawa usalama wa barabara hii hauruhusu hilo kila siku.

Jaribio la mwisho halihitaji maabara. Fungua bomba lililo kati ya filta na injini, pitisha kidole ndani au kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, filta yako haifanyi kazi, iwe ya karatasi au ya pamba, na kabla hujalaumu aina yake, angalia kwanza ule mpira wa kuziba na klipu zilizoufunga.