Uhuru ilirushwa Malindi na hatukuambiwa

Wasee, setilaiti ya kwanza ya kusaka eksirei kote angani iliitwa Uhuru. Ndiyo, uhuru wetu. Setilaiti hiyo ya Marekani ilirushwa Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ikaona eksirei za Cygnus X-1 zikibadilika haraka mno, kumaanisha kitu chenyewe ni kidogo sana. Leo tunajua ni shimo jeusi.

Miaka minne ya fizikia sekondari, hakuna mwalimu alitaja. Aki!

Sasa data ya darubini ya eROSITA iko wazi tangu 2024, karibu nukta 900,000 za eksirei. Kuwinda mashimo meusi ya ajabu humo kunaanza na laptopu na bando. Kwa hivyo ukiniambia hiyo ni kazi ya wazungu, tutakosana.