TAMKO LA TAWI KWA WANACHAMA: MAFUTA HAYASAFIRISHWI NA MTU MMOJA



Tangu juzi usiku kundi letu limechemka. Aliyeanza ni kijana wetu anayeishi Dar es Salaam, aliyetuma sauti ndefu kuhusu ubishi unaoendelea katika nchi mbalimbali: treni ya mizigo iliyobeba mafuta iendeshwe na mtu mmoja au wawili? Majibu yakamiminika. Mmoja wenu aliandika, "Mafia reli itatoka wapi, au tutawapandisha papa potwe?" Tulicheka, na viongozi tulicheka pia. Lakini jana baada ya Isha tulipokaa kupitia ujumbe wote, tuliona swali lile lilishafika mlangoni kwetu zamani, ila limepanda boti badala ya treni. Kwa hiyo tumeona tulijibu kwa maandishi, tusiliache lizame chini ya picha za harusi na matangazo ya viwanja.

Tuanze na hiyo treni. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013, huko Kanada, treni yenye mabehewa 72 ya matanki ya mafuta ghafi iliegeshwa kwenye mteremko nje ya mji mdogo wa Lac-Mégantic. Dereva alikuwa peke yake. Zamu yake ilikwisha, akafunga breki za mkono chache, akaacha kichwa kimoja kikiunguruma ili breki za upepo zisilegee, akaenda kulala. Baadaye kichwa kile kikashika moto. Zimamoto wakaja, wakauzima moto na injini pia, wakaondoka. Injini ikiwa imezimwa, upepo ukavuja polepole kwenye mabomba, na treni ikaanza kutembea yenyewe gizani. Ilishuka zaidi ya kilomita 10 bila mtu ndani, ikaacha reli katikati ya mji, ikalipuka. Watu 47 walikufa.

Tuwe wakweli hapa, maana mpinzani wetu angetukumbusha. Wachunguzi wa ajali ile hawakusema kwamba mtu wa pili angeizuia kwa hakika. Walitaja sababu nyingi: breki za mkono zilizofungwa hazikutosha, kichwa kilikuwa kibovu, kampuni ilikuwa na uzembe, wasimamizi wa serikali walilegea. Hata hivyo serikali ya Kanada haikungoja hakika ya namna hiyo. Mwezi uleule iliagiza treni yenye mzigo wa hatari isiendeshwe na mtu mmoja, na isiachwe peke yake njiani. Marekani ilichukua muda mrefu zaidi, ikatoa kanuni yake ya watu wawili mwaka 2024, na kampuni za reli zikaipinga kwa hoja ya gharama.

Mtu wa pili kazi yake ni ipi hasa? Wengi wanadhani ni kumwamsha mwenzake asisinzie. Hiyo ni sehemu tu. Mafuta yakianza kuvuja behewa la arobaini, lazima mmoja abaki kwenye mashine na mmoja ashuke atembee hadi kule akaangalie. Reli yetu ya Kati inapita kipande cha Kilosa hadi Gulwe, ambako mvua za masika zimewahi kulisomba tuta zaidi ya mara moja. Treni ikisimama pale usiku, lazima awepo wa kutangulia na taa. Zamani kulikuwa na gadi nyuma ya treni, na wazee wetu waliofanya kazi Shirika la Reli la Afrika Mashariki wanamkumbuka na bendera yake. Gadi hakuwa pambo.

Na tusijidanganye kwamba hayo ni ya Wazungu. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma karibu na Igandu, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma ikiwa haishikiki, ikaigonga treni ya mizigo. Ndugu zetu 281 walikufa. Pale hapakuhitajika petroli. Uzito, mteremko na breki vilitosha. Ongeza petroli upate picha. Leo kazi ya kusimamia usalama wa reli ni ya LATRA, na mbunge yeyote anayetaka swali zuri la kuuliza Dodoma tunampa bure: treni ya mafuta inayotoka Dar kwenda bara ina watu wangapi, na nani anawahesabu kabla haijaondoka?

Sasa turudi nyumbani.

Sisi kila tone tunalochoma hapa linavuka bahari. Umeme wetu kwa miaka mingi umetegemea dizeli. Bodaboda ya Kirongwe, mashine ya kusaga ya Baleni, boti ya mvuvi wa Bweni, yote yanangoja chombo kutoka bara. Mzigo mkubwa unaokuja kwa utaratibu hatuna ugomvi nao katika tamko hili. Ugomvi wetu ni madumu. Kila mmoja wetu anayajua. Boti inangoja maji kujaa Nyamisati, madumu ya petroli yanapangwa chini, juu yake magunia ya mchele na katoni za sabuni, na juu ya magunia wamekaa akina mama na watoto wao. Kikosi cha chombo ni nahodha na kijana mmoja. Kijana huyo anakusanya nauli, anakumba maji, anatuliza abiria wanaotapika, na mafuta ya injini yakiisha ndiye anayemimina kwa chupa iliyokatwa, injini ikiwa bado ya moto.

Mama mmoja, mwanachama wa tawi hili, alitusimulia safari yake ya msimu wa kusi. Katikati ya mkondo injini ilizima. Nahodha akaacha usukani akaenda nyuma kuihangaikia, usukani ukashikwa na abiria aliyejitolea. Dumu moja lilikuwa limepasuka, harufu imejaa, na wakati huohuo mtu mmoja akatoa sigara apunguze mawazo. Mama akampiga kofi la mkono, sigara ikaruka majini. Watu walimlaumu kwa kumdhalilisha mtu mzima! Chombo hatukitaji kwa sababu hoja yetu haihusu chombo kimoja. Na sisi viongozi tumepanda boti za namna hiyo tukienda vikaoni Kibaha, tukanyamaza kwa kuwa tulikuwa na haraka.

Inafaa kueleza kwa nini harufu ile ni hatari kuliko moshi. Petroli hutoa mvuke hata penye baridi kali, sembuse kwenye jua la Mafia. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai kwenda zake. Unashuka chini na kujaa ngama, mahali palepale penye waya za betri na pampu ya maji. Cheche moja inatosha. Na ukiwaka, maji hayasaidii: petroli huelea juu yake na moto husafiri nayo. Gari la zimamoto haliji mkondoni. Dizeli ina afadhali, haishiki moto kirahisi hivyo, ndiyo maana hatuzichanganyi hizi mbili katika madai yetu.

Tulichokiona Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, kilikuwa nchi kavu, barabarani, penye nafasi ya kukimbilia. Lori lilipinduka, watu wakaenda kuchota, na waliokufa walizidi 100. Ndani ya boti utakimbilia wapi?

Na kuhusu idadi ya mabaharia, tuna somo lililotugharimu kuliko lile la Kanada. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, walikufa watu 228 katika chombo kilichoruhusiwa kubeba watu 101. Rais Magufuli aliliambia taifa kwamba, kwa taarifa alizopewa, nahodha hakuwamo na usukani ulikuwa kwa mtu asiye na mafunzo ya kutosha. Kiti kilikuwa na mtu, ila hakuwa mtu wake.

Tunajua mtatujibu nini, maana mmeshaanza. Ndugu yetu wa Jibondo aliandika saa tano usiku: "Mkizuia madumu, sisi tutavulia makasia?" Hoja hiyo ni nzito na hatutaipita juujuu. Jibondo, Chole na Juani hakuna anayefikiwa na lori la mafuta. Dumu ndilo kituo chao. Atakayesema dumu lipigwe marufuku kesho, huyo hajawahi kumwona mvuvi amekaa pwani wiki nzima na nyavu kavu. Mwingine, mwenye boti, aliuliza baharia wa ziada atalipwa na nani. Naye ana haki ya kuuliza. Atalipwa na nauli, au na bei ya lita, au na faida ya mwenye chombo, na kwa vyovyote mtu fulani ataumia kidogo. Hatutawaficha hilo.

Msimamo wa tawi ni huu. Petroli isipande na abiria. Iwe na safari yake, hata kama ni mara mbili kwa wiki, na katika safari hiyo wawemo watu wasiopungua watatu: nahodha asiyeacha usukani, fundi wa injini, na mmoja ambaye kazi yake ni mzigo tu, aangalie madumu, ahakikishe hayajajazwa hadi shingoni, yamefungwa na yamekaa kivulini mbali na betri. Mitungi ya kuzimia moto iwe ya unga, isiwe ndoo. Wale waliosema watu watatu ni wengi kwa chombo kidogo tunawaomba wafikirie saa ile injini inapozima.

Diwani wetu tumemwomba apeleke jambo hili kwenye baraza la halmashauri, na amekubali. Mbunge tumemwandikia aiulize TASAC kuhusu idadi ya mabaharia kwenye boti zinazobeba mafuta, na nani wa kuhakiki pale Nyamisati kabla kamba haijafunguliwa. Tumemwomba pia aifuatilie EWURA, ambayo ina utaratibu wa vituo vya mafuta vya gharama nafuu vijijini, ili visiwa vyetu vidogo navyo viingizwe. Kituo kimoja kilichojengwa vizuri Jibondo kingepunguza madumu mengi kuliko askari kumi wa kukamata. Hili tungelipenda litangulie, kwa sababu katazo lisilo na kituo litawapeleka watu kuvuka usiku, na usiku ni mbaya zaidi.

Kuna wanaosema tumeingiza siasa. Tunakiri, ni siasa, na tawi la chama lisiposhughulika na chombo kinachombeba mwanachama wake litashughulika na nini? Lakini madai haya hayana rangi. Wenye boti wako vyama vyote, na abiria wako vyama vyote. Tawi la wenzetu likitaka kusaini nasi, kalamu ipo.

Kikao ni Jumapili saa kumi jioni, ofisi ya tawi Kilindoni. Wenye boti na manahodha watazungumza kwanza, wanachama wengine baadaye, viongozi mwisho. Wanaotoka Jibondo na Juani waje mapema na maji, wasichelewe kurudi. Mwenye takwimu za nauli na bei ya dumu aje nazo zimeandikwa, na yule mama aliyepiga sigara majini tumemwomba akae meza ya mbele.

Uongozi wa Tawi
Kilindoni, Mafia